Unataka kupeleka mzigo Lubumbashi? Usome mji kwanza: watu, umeme, simu na hela

Swali ninaloulizwa kuhusu Lubumbashi, kule kusini mwa Kongo (DRC), ni lile lile kila wiki, kinachobadilika ni bidhaa tu. "Kaka nina mabegi ya shule, wanasema Lubumbashi kuna hela, nianzie wapi?" Mwingine ana sabuni, mwingine taa za sola, mwingine nguo za watoto. Nikimuuliza huyo mtu Lubumbashi anaijuaje ananiambia "si wanaongea Kiswahili kama sisi, itashindikana nini". Hilo jibu linaniuma kweli, maana nimeona watu wazima wamekaa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na mzigo ambao hauna mnunuzi, na wengine wamerudi Tunduma mtaji umekata, na wote walianza na sentensi hiyo hiyo.

Kwaiyo nimeandika hapa hatua kwa hatua, ni za mfanyabiashara mdogo au wa kati kutoka Tanzania anayetaka kuujua mji kabla hajapakia kitu kwenye gari. Mambo ya ushuru sitayagusa sana, hayo wakala wako wa forodha ndio kazi yake. Hapa tunaangalia vitu viwili: watu wanaishije, na teknolojia yao inafanyaje kazi siku za kawaida, kwasababu hivyo viwili ndio vinaamua kama bidhaa yako itatoka au itakaa na vumbi. Kama wewe unaenda Lusaka au Bujumbura hatua ni hizi hizi, utabadilisha majina.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Pasipoti na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kuhusu viza uliza ubalozi wao wenyewe, usimuulize dereva wa lori.
- Daftari dogo na kalamu mbili. Simu sawa, ila kuna sehemu kutoa simu mfukoni kunaleta maswali, nitaeleza mbele.
- Simu ya laini mbili ambayo haijafungwa mtandao mmoja.
- Dola safi. Neno safi lina maana yake hapa, angalia hatua ya 9.
- Sampo za bidhaa yako, vipande 10 vinatosha, sio katoni 10.
- Mtu anayejua Kifaransa. Akiwa mwenyeji wa pale pale ni bora zaidi kuliko kijana wa Dar aliyesoma Kifaransa chuoni.
- Siku 8 hadi 10. Siku tatu hazitoshi, ya kwanza unachoka, ya pili unapotea, ya tatu unarudi.

Hatua ya 1: Andika bidhaa moja na mnunuzi mmoja

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika sentensi moja tu, mfano: "Naleta begi la shule la mtoto wa darasa la kwanza hadi la nne, mnunuzi ni mama anayeishi mtaa wa kawaida." Ukiandika "naleta bidhaa mbalimbali kwa watu wote" umeshakwama, hujui umuulize nani, hujui usimame wapi. Kila hatua inayofuata unaifanya ukiwa na hiyo sentensi.

Hatua ya 2: Acha kusema "Kongo", sema mji

Kongo ni kubwa mno kuiweka kwenye kapu moja. Kinshasa ipo zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi, kule Kilingala ndio kinatawala mtaani na hata saa ni tofauti. Goma na Bukavu kule mashariki ziliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025 na mabenki yakafungwa, ila Lubumbashi iko mbali kule kusini na maduka yalikuwa yanafunguliwa kama kawaida. Mtu akikwambia "Kongo kuna vita" au "Kongo kuna hela" muulize Kongo ipi.

Lubumbashi yenyewe ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Katanga, mji ulioanzishwa 1910 kwa ajili ya shaba na mpaka leo unaishi kwa shaba na kobalti. Yaani hata mama muuza nyanya hela yake mwisho wa siku imepita mgodini. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje na Oktoba mwaka huo ikaja na mfumo wa mgao, kwaiyo ukiwa kule waulize wenye maduka: migodi ikipunguza kasi, nyie mnaona tofauti baada ya muda gani? Jibu lake ni muhimu kuliko ripoti yoyote utakayosoma.

Na hapa naomba unielewe vizuri: Kongo sensa ya mwisho ilifanyika 1984. Mwaka 1984! Takwimu zote za idadi ya watu unazoziona, milioni 100 na zaidi, mji una watu milioni kadhaa, ni makadirio. Sisemi ni uongo, nasema usipige hesabu za mzigo wako kwa namba za mtandaoni halafu ukajiona umefanya utafiti. Hii ndio sababu mwongozo wote huu ni wa kutembea na kuhesabu kwa macho.

Hatua ya 3: Kipime Kiswahili chako siku ya kwanza

Kiswahili cha Lubumbashi ni Kiswahili, tena kitamu, ila sio chako. Ugali ni bukari. Watu ni batu. Asante ni aksanti, hela ni makuta. Hayo unayazoea ndani ya siku mbili. Shida ipo kwenye maneno ambayo unayajua tayari ila kule yana maana nyingine.

Kubwa kuliko yote kwa mfanyabiashara: kule kuuza maana yake kununua, na kuuza kwa maana yetu wao wanasema kuuzisha. Safari yangu ya mwanzo mama mmoja aliniambia anataka kuuza mawili, nikaelewa na yeye ana mabegi anatafuta mteja, nikaanza kumuuliza mzigo wake anautoa wapi, unamfikia kwa bei gani, akaniangalia, akaondoka zake. Alikuwa mteja wangu wa kwanza, anataka kununua mawili. Nilikuja kuelewa jioni nilipomsimulia mwenyeji wangu.

Cha pili, namba. Bei nyingi zinatajwa kwa Kifaransa hata katikati ya sentensi ya Kiswahili. Jifunze kuhesabu mpaka elfu kabla hujasafiri, na jua kwamba wao wanafuata Kifaransa cha Kibelgiji, 70 ni *septante* na 90 ni *nonante*, programu nyingi za kwenye simu zinafundisha ile ya Ufaransa na ukifika sokoni unabaki unashangaa.

Cha tatu, maandishi. Mtu ataongea na wewe Kiswahili ila atasoma boksi kwa Kifaransa. Chukua sampo yako yenye maandishi ya Kiingereza au Kiswahili, mpe mtu dukani, usiseme kitu, angalia macho yake yanaenda wapi. Akigeuza boksi mara mbili halafu akakuuliza "hii ni ya nini", umeshapata kazi ya kufanya kabla ya mzigo: lebo na maelezo ya matumizi kwa Kifaransa.

ANGALIA: usiwasahihishe Kiswahili chao na usicheke. Nimeona Watanzania wanafanya hivyo wakidhani ni utani. Ni lugha ya mama zao ile. Salimia kwanza, "jambo" kule ni salamu ya kweli kabisa, ita watu papa na mama kwa umri wao, halafu ndio uongee biashara.

Hatua ya 4: Chora kalenda yao, sio yako

Hapa ndio bidhaa nyingi zinafia, na ni hatua ambayo haina gharama yoyote. Chukua karatasi, andika miezi 12, jaza mambo ya Lubumbashi.

Shule: mwaka wao wa masomo unaanza Septemba, sio Januari. Mtu wa mabegi, madaftari, viatu vyeusi, soko lako ni Agosti mpaka mwanzo wa Septemba. Ukipeleka Desemba kwa mazoea ya Kariakoo utauza mawili matatu, mengine yatakusubiri miezi nane ukilipia stoo. Tangu 2019 shule za msingi za serikali zilitangazwa bure, na wanafunzi nchi nzima wanavaa shati jeupe na chini bluu, kwaiyo ukileta sare za rangi za kwetu hazina mtu.

Hali ya hewa: mji upo juu, zaidi ya mita 1,200, Juni na Julai kuna baridi ya ukweli asubuhi na usiku. Masweta na mablanketi yanatoka kipindi hicho. Mvua ni kuanzia kama Novemba mpaka Machi au Aprili.

Sikukuu: Juni 30 ni uhuru, Januari kuna siku za kuwakumbuka mashujaa wao na moja ni ya Lumumba, Agosti 1 ni siku ya wazazi, asubuhi watu wanaenda makaburini kusafisha makaburi ya wazee wao, usipange kikao siku hiyo. Nane Machi akina mama wanashona vitenge vya pamoja, na vikundi vya makanisani navyo vina vitenge vyao, kama upo kwenye nguo uliza wanaanza kuagiza mwezi gani.

Na saa. Dar ikiwa saa nne asubuhi Lubumbashi ni saa tatu na Kinshasa ni saa mbili. Mkipanga kukutana andikiana kwa namba kama wanavyoandika wao, 8h00, usitaje kwa mdomo tu maana "saa nane" yako na ya mwenzako zinaweza kupishana masaa sita.

Hatua ya 5: Kaa sokoni siku mbili ukihesabu

Lubumbashi kuna wilaya ya mji inaitwa Kenya, ndio, Kenya, na soko lake linaitwa hivyo hivyo. Anzia pale maana ndio watu wa kawaida wananunua, halafu siku nyingine pita Katuba, pita Kampemba, na malizia mtaa wa Golf ambako wanakaa wenye nafasi. Hiyo tofauti ya Katuba na Golf ukiiona kwa macho yako utaelewa kwanini swali la "Wakongo wana hela?" halina jibu.

Fanya hivi: tafuta duka au meza inayouza kitu kinachofanana na chako. Muombe mwenyewe kwa heshima ukae, mnunulie kinywaji, kaa masaa matatu. Andika wangapi wamesimama, wangapi wameshika bidhaa, wangapi wamelipa, bei ya kwanza iliyotajwa na bei waliyomalizana. Rudia kesho yake saa tofauti.

Mimi nilijifunza mabegi kwa mama mmoja nilimuangalia bila kumuuliza kitu. Alichukua begi akaligeuza ndani nje. Akavuta zipu kwenda na kurudi mara tano sita, taratibu, anasikiliza. Akaushika mkanda pale unaposhonewa akauvuta kwa nguvu zake zote mbele ya muuzaji, na muuzaji hakusema kitu, amezoea. Akabonyeza kitako cha begi kwa kidole gumba. Ndio akauliza "ni ngapi?" Katuni iliyopo mbele ya begi hakuiangalia hata mara moja, mtoto ndio alikuwa anaiangalia. Nikarudi nikabadilisha mshono wa mkanda kwa fundi wangu, nikaacha kulipia michoro ya gharama.

ANGALIA: usipige picha ovyo. Mpakani, uwanja wa ndege, karibu na askari, karibu na mgodi, usithubutu. Hata sokoni omba ruhusa kwanza. Ndio maana nilisema daftari.

ANGALIA tena: kuna sheria ya 1979 inayotenga biashara ndogondogo za rejareja kwa wenyeji. Kukaa kwenye meza ya mtu unaangalia ni sawa, kupanga meza yako na kuuza kimoja kimoja ni kutafuta kesi. Wewe fikiria jumla, muuzaji wa mwisho awe Mkongomani.

Hatua ya 6: Ongea na watu 20

Sio 5, 20. Nusu wawe wanunuzi, robo wenye maduka ya jumla (wanaita depo), robo watu wa pembeni kama mwalimu, bodaboda, mama wa kanisani.

Usiulize "ukiletewa hii utanunua?" Kila mtu atasema ndio, ni adabu tu, hawezi kukuvunja moyo mgeni. Uliza hivi:

- Mara ya mwisho ulinunua lini?
- Ulinunua wapi, kwanini pale?
- Ulilipa ngapi, ulilipa kwa faranga, dola au simu?
- Iliharibika? Ilipoharibika ulifanya nini?
- Nani nyumbani aliamua kununua?

Hilo la mwisho watu wanaliruka na ni kubwa sana. Kitu anachoamua baba kinauzwa mahali tofauti na kitu anachoamua mama.

Kuna mada usiziguse: kabila la mtu na ametoka mkoa gani. Mwanzoni mwa miaka ya 90 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, familia zikapotea njiani, na hicho kidonda bado kipo. Wewe umekuja kuuliza habari za mabegi, mtu akianza mwenyewe kusimulia msikilize, usichangie.

Hatua ya 7: Pima umeme

Nchi nzima ni kama mtu mmoja kati ya watano ndio anapata umeme. Lubumbashi ni mji mkubwa kwaiyo hali ni nafuu kuliko vijijini, ila umeme mwingine unatoka bwawa la Inga, kule upande wa pili wa nchi, laini ya kilomita 1,700 hivi iliyokamilika 1982, na ukifika Katanga unagombaniwa na migodi. Kukatika kwa zamu wanaita *délestage*, utalisikia neno hilo siku ya kwanza.

Namna ya kupima bila mtaalamu:

Jioni kuanzia saa moja mpaka saa tatu tembea na mwenyeji mitaa mitatu tofauti, sikiliza jenereta, hesabu nyumba zenye taa. Mchana angalia juu ya mabati, hesabu sola. Halafu nenda kwa watu watatu: kinyozi, mchomeleaji na muuza vinywaji baridi. Hawa umeme ukikatika wanapoteza hela hapo hapo kwaiyo wanajua ratiba kuliko mtu yeyote, waulize wiki iliyopita ulikatika siku ngapi na masaa mangapi. Ukiweza nenda na kipima umeme cha fundi, chomeka kwenye soketi mchana na jioni uandike volti, maana umeme ukiwa mdogo jioni friji na pampu vinakufa hata kama haujakatika.

Kama bidhaa yako inatumia umeme jambo hili ni la lazima: soketi zao ni za miguu miwili ya duara. Plagi yetu ya miguu mitatu bapa haiingii. Mteja hatanunua jagi la kuchemshia maji halafu akatafute adapta. Ongea na kiwanda wabadilishe waya, kabla, sio baada.

Hatua ya 8: Pima simu na hela ya simu

Sajili laini mbili kwa pasipoti yako, moja Vodacom na nyingine Airtel au Orange. Africell nayo ipo. Nunua bando dogo (kule ukisema "mega" wanakuelewa) halafu kila mtaa unaopita jaribu kutuma picha ya WhatsApp, andika imechukua sekunde ngapi asubuhi, mchana na saa mbili usiku. Biashara nyingi kule zinaendeshwa kwa WhatsApp, wateja wanatumiwa picha, wanatuma sauti, kwaiyo hicho ndio kipimo chako, huna haja ya kupima kitu kingine.

Hela ya simu: M-Pesa ipo, Airtel Money ipo, Orange Money ipo. Ila M-Pesa ya kule sio hii yako ingawa jina ni moja, na akaunti zina pande mbili, upande wa dola na upande wa faranga. Fanya jaribio hili, ni la dola 10 tu. Weka dola 10 kwa wakala wa pale Kenya (ile wilaya ya mji). Panda gari nenda Kampemba uzitoe. Andika makato, andika dakika, na andika umepewa dola kweli au wakala amesema hana dola chukua faranga, na kama ni faranga kwa kiwango gani. Rudia Jumamosi jioni. Ukishafanya hivyo mara tatu utajua kama unaweza kumwambia mteja akulipe kwa simu au ni keshi tu.

Intaneti kuzimwa nayo ni hali halisi ya kuipangia. Kwenye uchaguzi wa Desemba 2018 ilizimwa karibu wiki tatu. Ndio maana kila mteja wa jumla uwe na namba yake ya kupiga ya kawaida na bei zenu mziandike kwenye karatasi. Mei 2025 Starlink, wale wa intaneti ya setilaiti, walipewa leseni, kwaiyo uliza maduka makubwa kama wameanza kuitumia na wanalipa ngapi.

Kurudisha hela nyumbani ni swali la kuuliza benki ukiwa bado kule. CRDB walifungua Lubumbashi 2023, Equity nao wapo kupitia benki ya BCDC waliyoinunua 2020. Ingia uulize makato, siku ngapi, na wanataka karatasi gani.

Hatua ya 9: Zijue dola zao

Bei nyingi kubwa ni kwa dola, ndogo kwa faranga, noti kubwa ya faranga ni 20,000 kwaiyo ukibadilisha dola 100 unapewa bunda. Waliokaa barabarani na mabunda mezani ni wabadilisha hela.

Sasa simama dukani uangalie mtu anavyopokea dola. Anaishika kwenye mwanga, anapitisha kidole pembeni mwa noti pande zote nne. Akikuta mchaniko hata wa ncha ya sindano anakurudishia. Yenye maandishi ya kalamu anarudisha, ya toleo la zamani anarudisha, na za dola moja moja wengi hawazitaki. Wakati huo huo faranga iliyochakaa mpaka imekuwa kama kitambaa anapokea bila neno. Ukitoka Tanzania kagua noti zako moja moja benki, mbele ya dirisha, usione aibu. Na ukianza kuuza wewe nawe pokea hivyo hivyo.

Hatua ya 10: Tafuta fundi na spea

Kwa vitu vya umeme, simu, mashine. Mpe fundi wa mtaani sampo yako, muulize ikiharibika ataweza? Spea anatoa wapi? Akisema haijui hiyo, hesabu kwamba kila mzigo uende na spea zake na umlipe fundi mmoja ajifunze. Mteja kabla hajanunua atamuuliza fundi wake, ndivyo ilivyo.

Hatua ya 11: Weka rangi, halafu acha sampo

Usiku wa mwisho chukua daftari, andika: lugha na lebo, msimu, bei, umeme, malipo, fundi, ushindani. Kila kimoja kipe kijani, njano au nyekundu. Nyekundu moja inayorekebishika nyumbani (plagi, lebo) haikuzuii. Nyekundu ya bei, yaani watu wanalipa chini ya gharama yako ya kufikisha mzigo, simama hapo hapo usibishane nayo. Kwenye gharama usiandike ushuru sifuri eti kwasababu Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, muulize wakala wa forodha namba kamili ya bidhaa yako.

Kama inaelekea kijani, sampo zako 10 ziache kwenye depo mbili tofauti, tano tano, kwa maandishi. Rudi nyumbani. Subiri wiki tatu.

Ukikwama

*Watu wanasema hivi, wewe umeona vile.* Amini ulichohesabu, ila rudi siku nyingine. Mwisho wa mwezi na katikati ya mwezi ni miji miwili tofauti.

*Mwenyeji anakupeleka kwa ndugu zake tu.* Inatokea sana na sio lazima awe mbaya, anawatafutia riziki watu wake. Mlipe posho ya siku ijulikane, halafu siku mbili zunguka na mtu mwingine, kanisani au msikitini utampata.

*Umesimamishwa unaulizwa unaandika nini.* Tulia, salimia, onyesha pasipoti, eleza unauliza bei za mabegi, mpigie mwenyeji wako aongee. Usipandishe sauti na usifute kitu kwa kujificha.

*Dola zako zimekataliwa.* Peleka kwa wabadilisha hela, watakupokelea kwa kukata kidogo. Uliza wawili watatu kabla hujakubali.

*Mpaka umefungwa.* Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa siku kadhaa kwa mgogoro wa vinywaji, malori yakajipanga. Kwenye hesabu zako weka siku saba za ziada za dereva na maegesho, na kama bidhaa inaoza fikiria upya.

*Sampo hazijatoka wiki tatu.* Piga simu depo zote mbili, usiulize "vipi?", uliza wangapi wamezishika na walisema nini walipozirudisha. Badilisha kitu kimoja tu, bei au lebo au mtaa, halafu wape wiki mbili nyingine. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kipi kimefanya kazi.

*Depo moja imemaliza sampo zote siku ya pili.* Kabla hujafurahi muulize nani amenunua. Kama ni mtu mmoja alizichukua zote tano, mpigie huyo, inawezekana anaziuza Kolwezi, mji mwingine wa migodi, na hapo mji wako wa kwenda kuusoma ni Kolwezi.